Tangi Linavyopumua: Mwongozo Kamili wa Kusanifu Kinga ya Presha kwa Matangi ya Kemikali

Chukua mrija, vuta soda mpaka ifike mdomoni, sentimita 15 juu ya uso wa soda. Kwa kitendo hicho mdomo wako umetengeneza ombwe, yaani presha iliyo chini ya ile ya hewa ya nje, la takriban kilopaskali 1.5. Tangi la chuma lililojengwa kwa kiwango cha API 650 (API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani), mnunuzi asipodai cha ziada, limesanifiwa kuhimili ombwe la kilopaskali 0.25. Mtoto wa chekechea mwenye mrija ana mvuto mara sita ya ule ambao tangi la tani mia mbili limeahidiwa kuuvumilia.

Naanza na mrija kwa sababu watu wengi wakisikia "kinga ya presha" hufikiria mlipuko: tangi limejaa, limevimba, limepasuka. Hilo hutokea. Lakini katika hali ya hewa yetu, kuanzia Tanga hadi Kisumu, pumzi kubwa ya tangi ni ile ya kuingia ndani, na ndiyo isiyopigiwa hesabu. Matangi mengi yanayoharibika hukunjika kuelekea ndani kama kopo la maziwa lililokanyagwa, mchana, siku ya kawaida, bila moto wala kishindo kikubwa.

Mwongozo huu ni kwa mhandisi au fundi mkuu anayesanifu au kukagua tangi la kemikali lenye presha ndogo. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tangi la ethanoli, ile spiriti inayotokana na molasi za viwanda vya sukari, lenye kipenyo cha mita 6 na urefu wa mita 8, limesimama nje juani katika mji wa pwani. Ujazo wake ni mita za ujazo 226. Linajazwa kwa kasi ya mita za ujazo 60 kwa saa na kutolewa kwa 80 kwa saa.

Hatua ya 1: Jua bajeti yako, na uipime kwa milimita za maji

Kwanza jua tangi lako ni la ukoo gani. Tangi la API 650 la kawaida ni la presha ya angahewa. Kwa masharti ya kiambatisho chake F linaweza kupandishwa hadi kilopaskali 18. Kuanzia hapo hadi kilopaskali 103, yaani pauni 15 kwa inchi ya mraba, unaingia API 620. Ukizidi hapo hicho si tangi tena bali ni chombo cha presha, na sheria zake ni nyingine kabisa. Funga ukurasa huu utafute msaada mwingine.

Kisha badilisha kila namba iwe milimita za maji. Kilopaskali 1 ni milimita 102 za maji. Nimeona watu wazima wakijadili "nukta mbili tano" kana kwamba ni kitu kikubwa, lakini ukiwaambia ni maji ya kina cha kucha mbili, wananyamaza na kuanza kufikiri. Geji ya kawaida ya karakana, ile ya bar 0 hadi 10, haitatikisa hata sindano yake wakati tangi linakufa.

Milimita hizo ni chache lakini eneo ni kubwa. Paa la tangi letu lina mita za mraba 28. Ombwe la kilopaskali 0.25 linaweka juu ya paa hilo mzigo wa kama kilo 720. Ombwe likifika 2.5, mzigo ni tani saba na zaidi. Upande wa pili, presha ya kilopaskali 2 ndani ya tangi inalisukuma paa juu kwa nguvu ya karibu tani 5.8, wakati bati la paa lenye unene wa milimita 5 lina uzito wa kama tani 1.1 tu. Tofauti hiyo inabebwa na kuta, na baada ya kuta ni boliti za msingi. Kwa hiyo usipandishe presha ya usanifu kwenye karatasi bila kumwambia mhandisi wa msingi.

Kwa mfano wetu nachagua presha ya usanifu ya +2.0 na ombwe la −0.5, yaani milimita 204 na milimita 51 za maji. Mbona ombwe nimelizidisha mara mbili ya lile la kawaida? Kwa sababu valvu za kupumulia zinazofungwa kwa uzito wa sahani ya chuma kwa kawaida huanza kufunguka kwenye kilopaskali 0.22 hivi. Tangi linalokufa kwenye 0.25 haliachi nafasi kati ya kufunguka na kukunjika. Chuma cha ziada kwenye paa na ukuta hugharimu mara moja tu, ukiagiza tangi jipya. Kwa tangi ambalo tayari limesimama huna chaguo hilo, na hapo lazima utafute valvu kubwa zaidi au ukubali bomba lililo wazi, kama kemikali inaruhusu.

Hatua ya 2: Orodhesha kila kitu kinacholifanya tangi livute au lisukume

Kaeni mezani: mwendeshaji, fundi wa vyombo vya vipimo, mtu wa umeme, na yule mzee anayefungua valvu kwa mkono tangu kiwanda kijengwe. Huyo wa mwisho ndiye mwenye majibu. Ulizeni: ni nini kinaweza kuingiza kitu ndani ya tangi, na ni nini kinaweza kukitoa?

Majibu ya kawaida yanajulikana: pampu ya kujaza, pampu ya kutoa, jua, mvua, moto wa nje. Shida iko kwenye yale yasiyo ya kawaida.

Upakuaji wa boza kwa hewa ya kompresa. Asidi, magadi makali (kostiki soda) na dawa za kutibu maji mara nyingi hupakuliwa kwa kusukumwa na hewa. Kimiminika kinapoisha kwenye boza, hewa yote iliyobaki kwenye bomba na ndani ya boza hukimbilia kwenye tangi lako kwa sekunde chache. Mtiririko wa hewa hiyo hauna uhusiano na kasi ya kujaza uliyoiandika. Matangi ya plastiki na faiba hupasuka vichwa kwa njia hii. Ama hesabu mtiririko huo, ama weka kizibo chenye tundu jembamba kwenye mstari wa kupakulia ili kuuwekea kikomo, ama badili utaratibu utumie pampu.

Naitrojeni. Ikiwa tangi lina blanketi la naitrojeni, yaani gesi hiyo imejazwa juu ya kimiminika badala ya hewa, regulata inayoipima inaweza kukwama ikiwa wazi. Tafuta mtiririko wake wa juu kabisa kutoka kwa mtengenezaji. Usishangae ukiwa mkubwa kuliko ule wa kujaza.

Mvuke wa kusafishia. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza takriban lita 1,670. Ukilisafisha tangi kwa mvuke kisha ukafunga mlango, mvuke ukipoa hurudi kuwa ile lita moja, na nafasi iliyobaki ni ombwe. Hakuna valvu ya ukubwa wa kawaida itakayokuokoa hapo. Kinga yake ni utaratibu: milango ya tangi iwe wazi wakati wote wa mvuke na wakati wote wa kupoa, na usianze kazi hiyo mawingu yakiwa yametanda.

Kemia yenyewe. Hapa fomula zote nitakazotoa chini hazikufai. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 50 ikichafuliwa na kutu, lita moja yake ikivunjika yote hutoa kama lita 200 za oksijeni, tena ikiwa moto. Kemikali inayojivunja, inayojiunganisha kuwa plastiki, au inayopambana na maji inahitaji vipimo vya maabara vya kasi ya mmenyuko. Usiikadirie kwa jicho.

Kujaza kupita kiasi. Njia za hewa zimesanifiwa kwa hewa. Ethanoli ikipanda kwenye bomba la hewa lenye urefu wa nusu mita juu ya paa, uzito wa nguzo hiyo peke yake ni kilopaskali 3.9, karibu mara mbili ya tulichoahidiwa. Weka bomba la kumwagia ziada chini ya usawa wa paa, na kengele ya kimo cha juu inayojitegemea, isiyotumia kipimo kilekile kinachoendesha pampu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya pumzi za kawaida

Kanuni nitakazotumia zimo kwenye API 2000 tangu toleo la 6 la mwaka 2009, na zinaendana na ISO 28300 ya mwaka 2008. Majibu yote ni mita za ujazo za hewa kwa saa katika hali sanifu, nyuzi 0 na presha ya angahewa moja.

Pumzi ya kutoka. Sehemu ya kwanza ni kujaza. Kwa kimiminika kisichovukiza sana, hewa inayotoka ni sawa na kimiminika kinachoingia. Kwa kile ambacho presha yake ya mvuke inazidi kilopaskali 5, zidisha mara mbili. Ethanoli kwenye nyuzi 30 ina presha ya mvuke ya kama kilopaskali 10, kwa hiyo tunazidisha: 60 × 2 = 120.

Sehemu ya pili ni jua. Mtiririko ni Y × V^0.9, ambapo V ni ujazo wa tangi kwa mita za ujazo na Y inategemea latitudo. Chini ya nyuzi 42, yaani Afrika Mashariki yote bila ubishi, Y ni 0.32. Tangi letu: 226^0.9 ni 131.5, mara 0.32 ni 42.

Jumla ya kutoka: 120 + 42 = 162.

Pumzi ya kuingia. Kutoa kimiminika ni rahisi: 80 kinachotoka, 80 ya hewa inayoingia. Kisha kupoa: C × V^0.7. Thamani ya C kwa latitudo yetu, kwa kimiminika kilicho kwenye wastani wa nyuzi 25 au zaidi, ni 6.5. Basi 226^0.7 ni 44.5, mara 6.5 ni 289.

Jumla ya kuingia: 80 + 289 = 369.

Simama hapo kidogo. Pumzi ya kuingia ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kutoka, na katika hiyo 369, pampu ina 80 tu. Kilichobaki ni mvua. Picha yake unaijua: saa nane mchana, bati la tangi huwezi kuliwekea kiganja, tangi karibu tupu kwa hiyo limejaa hewa ya moto, mara wingu la masika linapasuka. Ukuta unapoa ndani ya dakika chache, hewa ya ndani inasinyaa, na tangi linavuta kwa nguvu zote. Kama fundi wa zamu wakati huohuo anapakia boza, pumzi mbili zinajumlishana. Ndiyo maana tunazijumlisha kwenye hesabu, hatuchagui iliyo kubwa.

Sasa linganisha na kanuni ya zamani, ambayo bado nakutana nayo kwenye michoro ya miaka ya tisini na hata kwenye baadhi ya michoro mipya iliyonakiliwa kutoka hiyo. Kanuni hiyo, kwa matangi ya ukubwa huu, ilitaka futi moja ya ujazo ya hewa kwa saa kwa kila pipa la ujazo wa tangi. Tangi letu ni mapipa 1,420 hivi, kwa hiyo lingehitaji kama mita za ujazo 40 kwa saa kwa ajili ya kupoa. Fomula mpya inataka 289, mara saba. Kanuni ya zamani haijafutwa. Imewekwa kwenye kiambatisho chenye masharti yake, na matangi mengi ya mafuta yameishi nayo. Lakini kwa tangi dogo la kemikali, lisilo na kinga ya joto, chini ya mvua za pwani, mimi siitumii. Anayetaka kuitumia aandike sababu zake na kuweka sahihi.

Ili uone uzito wa tofauti hiyo, fanya hesabu ya haraka ya bomba lililo wazi. Kasi ya hewa kwenye tundu ni mzizi wa pili wa (2 × tofauti ya presha ÷ uzito wa hewa kwa mita ya ujazo), nami huizidisha kwa 0.5 ili niwe upande wa usalama. Kwa tofauti ya paskali 250 inatoka kama mita 10 kwa sekunde. Kupitisha 369 kwa saa unahitaji tundu la kipenyo cha milimita 115, kwa hiyo bomba la inchi 4 halitoshi. Kwa kanuni ya zamani ungepata milimita 64 na ungeridhika na bomba la inchi 3.

Ukivika tangi koti la kuzuia joto, namba za jua na mvua hushuka sana. Koti hilo lihesabiwe tu kama lina bati la nje lisilopitisha maji na kuna mtu wa kulitunza. Sufi iliyoloa si koti.

Hatua ya 4: Moto wa nje

Hapa tunajiuliza: ethanoli imemwagika kuzunguka tangi, inawaka, ukuta unapashwa, kimiminika kinachemka. Mvuke wote huo upite wapi?

Anza na eneo linaloguswa na moto. Kwa tangi la wima unahesabu ukuta hadi kimo cha mita 9.14 kutoka chini. Letu ni fupi kuliko hapo, basi lote: 3.14 × 6 × 8 = mita za mraba 151. Kwa eneo kati ya 93 na 260, joto linaloingia, Q, ni wati 630,400 × A^0.338, A ikiwa eneo hilo, na jibu ni kama megawati 3.43.

Mtiririko wa hewa unaolingana na mvuke huo ni 906.6 × Q × F ÷ L × mzizi wa pili wa (T ÷ M). L ni joto fiche la uvukizaji, kwa ethanoli jouli 846,000 kwa kilo. T ni halijoto ya kuchemka, kelvini 351.5. M ni uzito wa molekuli, 46. Tukiweka F = 1, tunapata takriban 10,170 kwa saa.

F ni namba ya punguzo kulingana na mazingira ya tangi, na ndiyo sehemu ambayo watu hujipunguzia kazi. Kama sakafu inateremka na kupeleka kimiminika kilichomwagika mbali na tangi, kwenye bwawa la pembeni, API 2000 inaruhusu 0.5. Kama una ukuta tu wa kuzunguka unaoliweka dimbwi la moto miguuni pa tangi, ruhusa hiyo huna, hata ukuta uwe mzuri kiasi gani. Maji ya kunyunyizia nayo hayakupi punguzo katika kanuni hii. Mimi kwa mfano huu nabaki na 1.

Je, si paa lingefumuka lenyewe? API 650 inaruhusu mshono dhaifu kati ya paa na ukuta, ufunguke kabla ya sehemu nyingine, na kwa tangi kubwa ni kinga nzuri. Kwa tangi dogo la mita 6 usiliweke tumaini lako hapo. Tangi jembamba ni jepesi. Mshono wa sakafu unaweza kuachia kwanza, na tangi likaruka na kumwaga kila kitu nyuma yake. Tumia mfuniko wa dharura, ule mzito unaokaa juu ya tundu la paa na kuinuka presha ikizidi.

Hatua ya 5: Chagua vifaa na uvipange kwa ngazi

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye michoro ni hili: presha ya usanifu ni 2.0, na valvu nayo imepangwa kufunguka kwenye 2.0. Valvu ya uzito ikianza kufunguka haipitishi kitu cha maana. Nyingi zinahitaji presha ipande kwa asilimia 80 hadi 100 juu ya pale zilipoanza ndipo zifunguke kikamilifu. Kwa hiyo panga kuanzia juu kushuka:

Kilopaskali 2.0 ni dari. Mfuniko wa dharura uwe tayari unapitisha 10,170 kabla ya hapo. Mfuniko uanze kuinuka kwenye 1.5. Valvu ya kupumulia ianze kwenye 1.0 na iwe inapitisha 162 kabla ya kufika 1.4, ili mfuniko usiwe unapigapiga kila siku ya jua kali. Upande wa ombwe, ianze kwenye 0.22 au 0.25 na ipitishe 369 kabla ya 0.5.

Ukubwa unausoma kwenye mchoro wa mtiririko wa mtengenezaji, wa modeli ileile na mpangilio uleule. Upande wa ombwe ndio utakaoamua. Kwa tangi hili ningeanza kutafuta kwenye valvu za inchi 6 na 8, na nisingeshangaa kuishia kwenye mbili badala ya moja. Mbili zina faida nyingine: moja ikishushwa kusafishwa, tangi bado linapumua, mradi hakuna shughuli ya pampu wakati huo.

Mfuniko wa dharura: hesabu ya tundu kwa tofauti ya kilopaskali 2 inatoa kipenyo cha kama milimita 360. Mfuniko wa milimita 500 unakupa nafasi kwa sababu haufunguki wote bali unainuka tu. Uzito wa kuufanya uanze kwenye 1.5 ni kama kilo 30 pamoja na uzito wake wenyewe. Kilo 30 fundi mmoja anaweza kuzinyanyua, na kwa bahati mbaya anaweza pia kuzifunga kwa boliti "ili zisipige kelele". Chora kwa rangi nyekundu, andika kwa Kiswahili: USIFUNGE BOLITI.

Hatua ya 6: Kizuia moto

Hapa ethanoli ina tabia yake. Petroli ndani ya tangi hutoa mvuke mzito mno kuweza kuwaka, hewa haitoshi. Ethanoli huwaka ikiwa kati ya asilimia 3.3 na 19 ya hewa. Kwenye nyuzi 30, nafasi iliyo juu ya kimiminika hushiba kwenye asilimia 10 hivi. Yaani mchana wa kawaida wa Dar es Salaam au Mombasa, juu ya ethanoli yako kuna mchanganyiko ulio katikati kabisa ya eneo la kuwaka. Ama weka naitrojeni, ama weka kizuia moto, na kama una uwezo weka vyote viwili.

Kizuia moto ni pakiti ya mianya myembamba ya chuma inayonyang'anya mwali joto lake. Sharti la kwanza ni kundi la gesi. Ethanoli haiingii kundi moja na petroli: mwanya mpana zaidi usiopitisha mwali wake ni milimita 0.89, wakati kundi la IIA, la petroli, ni la mianya inayozidi 0.9. Tofauti ya nywele, lakini inakuhamishia IIB1, kundi lenye masharti makali zaidi. Kizuia moto kilichotolewa kituo cha mafuta hakikufai hata kama flanji zinaingiana. Sharti la pili ni mahali: cha mwisho wa bomba hakiwekwi katikati ya bomba, kwa sababu mwali ukikimbia ndani ya bomba refu hupata kasi ambayo hakikujaribiwa kuizuia.

Sharti la tatu ni metali. Tarehe 11 Januari 2006, kwenye mtambo wa majitaka wa Bethune Point huko Daytona Beach, Florida, wafanyakazi walikuwa wakikata kwa moto paa la bati lililokuwa juu ya tangi la methanoli. Mvuke uliokuwa unatoka kwenye njia ya hewa ulishika moto, mwali ukapita kwenye kizuia moto na kuingia tanki. Watu 2 walikufa na mmoja akajeruhiwa vibaya. Wachunguzi wa bodi ya Marekani ya usalama wa kemikali walikuta kwamba kizuia moto kilikuwa na sahani za alumini, na methanoli ilikuwa imezila kwa miaka mpaka mwali ukapata njia. Hakikuwa kimekaguliwa. Kwa alkoholi, agiza chuma cha pua, na andika tarehe ya kukifungua.

Na kumbuka bajeti. Kizuia moto kinakula milimita zako za maji hata kikiwa kipya. Kikiwa na vumbi la bagasi, yale makapi ya miwa, kinakula zote. Omba mchoro wa mtiririko wa valvu na kizuia moto vikiwa pamoja, siyo kila kimoja peke yake.

Hatua ya 7: Mabomba

Fupi. Bomba la hewa liwe fupi, pana, lisiwe na bonde linaloweza kukusanya maji au mvuke uliopoa. Ukilazimika kulipeleka kwenye mnara wa kusafishia gesi, hesabu presha yote ya njia hiyo na uitoe kwenye milimita 204. Mara nyingi utagundua kwamba njia ya kuingiza hewa lazima ibaki kwenye paa, peke yake. Matangi ya kemikali zinazogombana yasishiriki bomba la hewa. Usiweke valvu ya kufunga kati ya tangi na kinga yake.

Hatua ya 8: Wavu, nyigu na nailoni

Wavu wa kuzuia ndege uwe na matundu makubwa. Wavu mwembamba wa mbu unaziba kwa vumbi na rangi. Nyigu wa udongo wanapenda sana mabomba yanayotazama chini, yenye kivuli na yasiyoguswa, yaani hasa njia za hewa za matangi. Wakikuta tundu la inchi 3, wiki chache zinawatosha.

Nailoni ni adui mwingine. Kisa cha mafundi rangi kila mtu wa matangi anacho: wanafunika njia ya hewa kwa nailoni na selotepu ili rangi isiingie, kazi nzuri, wanashuka kwenda kula. Pampu inawashwa. Nailoni hiyo inayopeperuka mkononi ina nguvu ya kutosha kukunja chuma cha milimita 6, kwa sababu haihitaji kushika zaidi ya zile milimita chache za maji. Kibali cha kazi ya kupaka rangi kiwe na mstari mmoja: njia ya hewa imekaguliwa na nani, saa ngapi, kabla na baada.

Kwa ukaguzi wa kawaida mimi hufungua valvu kila baada ya miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha naamua kwa nilichokikuta. Sahani inuke kwa kidole na irudi. Kiti chake kisiwe na gundi ya kemikali. Kemikali zinazoganda, kama magadi kwenye usiku wa baridi wa nyanda za juu, zinahitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi au valvu yenye kupashwa joto.

Jaribio la kukabidhi tangi

Kifaa cha kupimia unacho tayari kiwandani: ule mpira mwembamba angavu ambao mafundi ujenzi huujaza maji kupimia usawa wa msingi. Ukunje uwe umbo la U, ufunge kwenye ubao wenye rula, jaza maji yenye rangi kidogo, unganisha ncha moja kwenye tundu dogo juu ya paa na nyingine iache wazi. Tofauti ya vimo vya maji ndiyo presha ya tangi, kwa milimita, bila betri wala cheti.

Ongeza maji kwenye tangi mpaka nusu, valvu zote zikiwa mahali pake. Mtu mmoja abaki kwenye swichi ya pampu, mwingine kwenye ubao, wasikilizane kwa redio. Washa pampu ya kutoa kwa kasi ndogo, kisha kamili. Tangi letu likiwa salama, maji kwenye mpira yatasogea mpaka milimita 22 hadi 26 hivi, sahani ya valvu itainuka na utaisikia ikivuta, na tofauti itatulia. Hapo unapima 80 tu, mvua bado haijaja. Kwa hiyo kama pampu peke yake inafikisha milimita 40, zima, rudi kwenye mchoro wa mtiririko, na valvu hiyo haitoshi. Rudia kwa kujaza, ukitazama upande wa pili wa mpira usivuke milimita 140.

Andika namba hizo mbili pamoja na tarehe kwenye faili la tangi. Baada ya mwaka mmoja leta ubao uleule, pampu ileile, na ulinganishe.